Tanuri la Mkiani

Mkate ulichelewa asubuhi hiyo, na Meneja, ambaye alikuwa ameshachoka kabla hata hajanywa chai, alijua siku imeharibika. Katika muda wote aliokuwa akiendesha hoteli ile ya kisiwani, mafundi bomba walichelewa, boti ya mboga ilichelewa, yeye mwenyewe alichelewa kwenye harusi yake, lakini mkate wa baba mkwe wake haukuwahi kuchelewa. Wageni walikuwa wamekaa mezani wakitazamana na siagi. Mpishi alichungulia kutoka jikoni, akasubiri mtu aseme neno, alipoona hakuna wa kusema akarudi kwenye mayai yake. Na simu ilikuwa inaita. Aliyekuwa akipiga ni Bosi, mwenye hoteli, mtu anayeishi ng'ambo ya maji na kuijua mali yake zaidi kwa picha.

"Nimeona picha za jana," Bosi alisema. "Mchanga wa mbele ya vyumba umepungua tena. Wageni wanafuata mchanga, Meneja. Hawaji kuangalia ukuta."

"Nimekuelewa, Bosi. Ila leo mkate nao umechelewa."

"Mkate utakuja. Mimi nakuuliza mchanga."

Akamwitikia hadi mwisho, maana mwenye mali hakatiwi simu. Kisha akavua viatu vya ofisini, akavaa kandambili, akashika njia ya kwenda Mkiani.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Ukinywa chai upande mmoja ukakumbuka umesahau miwani upande wa pili, utaifuata na ukirudi utaikuta chai bado ya moto. Wenyewe wamekigawa kama samaki: Kichwani ndiko iliko hoteli, na Mkiani ndiko iliko nyumba ya baba mkwe, pamoja na tanuri lake la mikate. Tanuri hilo alilijenga marehemu mama mkwe kwa mikono yake, tofali juu ya tofali, mumewe akimkorogea udongo na kukosolewa kila ndoo. Mama alipofariki, mzee alishika ule ubao mrefu wa kutolea mikate na kuendelea pale pale alipoachia mkewe. Hakutaka msaidizi wala hakutaka jiko la gesi. Mtoto wake mkubwa, ambaye ndiye mume wa Meneja, ni fundi wa injini za meli na kisiwani huonekana kama mgeni, kwa hiyo kumwangalia mzee kulimwangukia Meneja. Hilo halikumchosha. Kilichomchosha ni adabu za mzee.

Alimkuta amekunja suruali hadi magotini, anajaza mchanga kwenye magunia ya unga na kuyapanga mbele ya tanuri. Mchanga wa kujazia alikuwa akiuchimba nyuma ya tanuri hilohilo, ambako tayari kulikuwa na shimo la kumeza mbuzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mkate umeshaiva, naupoza tu. Kuni zililowa kidogo."

Meneja akatazama huku na huku. "Kibanda cha kuni kiko wapi?"

Mzee naye akatazama mahali kilipokuwa, kama mtu anayetafuta kofia. "Kimeondoka."

"Kimeondoka kwenda wapi, baba?"

"Kimekwenda na maji. Hamna shida."

Hapo ndipo Meneja alipohisi kichwa kinaanza kumgonga. Hamna shida. Mzee huyu alivunjika mkono akasema hamna shida. Alifiwa na mkewe, watu wakaja kumpa pole, akawaambia hamna shida na kuwatafutia viti. Ukimkanyaga anakuomba radhi kwa kuweka mguu wake hapo. Na sasa bahari imekula ngazi, imekula ua, imebeba kibanda cha kuni, imebakiza hatua chache ifike kwenye tanuri la marehemu, na yeye amesimama ndani ya maji akitabasamu, akimwonea mkwe wake huruma kwa kutembea juani.

Na huwezi kumlaumu mzee peke yake, maana balaa lenyewe lilianzia Kichwani, tena ofisini kwa Meneja.

Mwanzoni bahari ilikuwa inakula ufukwe wa hoteli taratibu, kama zinavyofanya bahari zote. Bosi akaagiza ukuta wa zege mbele ya vyumba. Ukuta ukajengwa, mzuri, mweupe, na mawimbi yakafurahi kupata kitu cha kupiga. Yalipiga, yakarudi na nguvu zote, na kila yaliporudi yalichota mchanga uliobaki. Haukupita muda ngazi za kushukia ufukweni zikawa zinashukia kwenye maji matupu, na wageni wanasimama kwenye ngazi ya mwisho na mataulo yao wakishangaa. Ndipo akaitwa Injinia.

Injinia alikuwa kijana mwembamba, mwenye sauti ya chini na uso wa mtu aliyezoea kutosikilizwa. Alizunguka kisiwa, akarudi, akasema mbele ya Meneja, na Bosi akiwa kwenye simu, kwamba mchanga wa kisiwa hiki haukai, unasafiri. Unatoka Kichwani unapita ubavuni unakwenda Mkiani, halafu upepo ukigeuka sehemu yake inarudi. Kwa hiyo vunjeni ukuta, alisema, rudisheni vyumba vya mbele nyuma kidogo, muuache mchanga upite zake.

"Nyuma kuna uwanja wangu wa tenisi," Bosi alisema.

"Ndiyo, Bosi."

"Kuna njia nyingine?"

Njia nyingine ilikuwepo, na Injinia aliitaja kwa shingo upande. Kupanga mawe kutoka ufukweni kuingia baharini, mithili ya vidole, yaudake mchanga usiondoke. Vidole vitashika mchanga mbele ya vyumba. Ila kitakachoshikwa Kichwani hakitafika Mkiani, na Mkiani kutaliwa. Alilisema hilo waziwazi, kisha akauliza, "Kule mwisho anakaa nani?"

Injinia alimgeukia Meneja, na simu nayo ikawa kama inamtazama. Na Meneja, aliyekuwa na vyumba vilivyojaa, malalamiko ya ngazi, na Bosi anayempumulia shingoni, alijibu jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. "Anakaa baba mkwe wangu. Nimemuuliza. Anasema hamna shida."

Alikuwa amemuuliza kweli. Jioni ya kabla ya kikao, Injinia akiwa ameshamdokeza habari za vidole, alimpelekea mzee supu, akamweleza habari hizo, na mzee akajibu kama ambavyo angejibu hata kama angeambiwa nyumba inachomwa moto kesho asubuhi. Meneja akalipokea jibu hilo kwa mikono miwili, akaondoka haraka na bakuli, kabla halijabadilika.

Basi vikapangwa vidole. Kidole cha kwanza kikajaza mchanga upande wa juu na kufukua shimo upande wa chini, kwa hiyo kikaongezwa cha pili kuziba shimo la kwanza, na cha tatu kuziba la pili. Ikawa kama kujifunika shuka fupi: ukivutia kichwani miguu inabaki nje. Shida ilihama chumba kwa chumba, ikateremka ubavuni mwa kisiwa, na vidole vikaifuata nyuma, hadi shida na vidole vyote vikafika nyumbani kwa mzee.

Na kwa kuwa hata hivyo picha za Bosi hazikutosheka na mchanga, ikaletwa mashine ya kunyonya. Iliegeshwa kwenye maji matulivu kati ya kisiwa na mwamba wa matumbawe, ikawa inanyonya mchanga wa chini na kuutapika ufukweni mchana kutwa, kwa mlio wa kumtoa mtu akili. Bahari ikageuka rangi ya chai ya maziwa.

Siku ile ya kibanda cha kuni, Meneja alirudi ofisini na kikapu cha mikate kichwani na kumkuta wifi yake anamsubiri. Wifi ni binti wa mwisho wa mzee, ndiye anayewapeleka wageni kuzamia kuangalia samaki, na kwa kila kitu ambacho baba yake hakukisema maishani, yeye alizaliwa akisema mara mbili. Alikuwa amesimama katikati ya zulia anachuruzika maji.

"Unalowanisha zulia, wifi."

"Zulia litakauka. Unajua leo nimewaonyesha nini wageni? Nimewaonyesha mikono yao, tena kwa kuisogeza karibu na miwani. Nyasi zote za chini zimefukiwa. Matumbawe yana vumbi kama kabati la mjane. Mgeni mmoja kaniuliza samaki wamekwenda wapi, nikamwambia wamehama, hawapendi kelele."

"Mashine inaondoka mwisho wa wiki."

"Na nyasi zitarudi mwisho wa wiki? Juzi kasa kapanda kutaga, kagonga kichwa kwenye ukuta wenu, kazunguka, kagonga kidole, kaondoka na mayai yake tumboni. Hata kasa amewakatia tamaa. Na baba je?"

"Baba anasema..."

"Usilitamke hilo neno mbele yangu," wifi alisema. "Ninyi wawili na heshima zenu mtazamisha kisiwa. Yeye hasemi kwa sababu anakuheshimu, wewe huulizi kwa sababu unamheshimu, na bahari haimheshimu mtu. Tanuri la mama likianguka, mimi na wewe tutakosana, na unajua sijui kukosana kidogo."

Akatoka na kuacha dimbwi. Meneja alibaki ameshika kikapu, akiwa na hasira na wifi kwa kusema vile, na hasira zaidi kwa kuwa hakukosea. Kwa kweli siku hiyo hapakuwa na mtu ambaye hakumkasirikia. Alimkasirikia mgeni aliyelalamika kwamba kuna mchanga kwenye taulo lake.

Akamwita Injinia, naye akaja kwa boti ya mchana. Walikwenda wote hadi Mkiani, wakasimama nyuma ya mti ili mzee asiwaone akaja kuwapa viti. Meneja alikuwa na wazo, tena wazo la kumtoa jasho kwa matumaini. "Ongeza kidole kimoja cha mwisho. Hapa, cha kulikinga tanuri tu. Hicho nitakipigania mimi mwenyewe kwa Bosi."

Injinia alikuna shingo. "Nikikiweka upande wa juu wa tanuri, mchanga unakotokea, litaliwa tanuri. Inabidi kiwe upande wa chini yake."

"Kiweke chini yake."

"Chini yake hakuna kisiwa, mama. Kisiwa kimeisha."

Wakatazama wote. Kweli, baada ya tanuri palikuwa na kipande cha mchanga cha kutosha kuanika shuka moja, kisha bahari.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni kama nilivyosema siku ile ya kwanza. Vitolewe vile vidole viwili vya mwisho kwa kuanzia, mchanga upite. Na vyumba vya mbele virudi nyuma. Nilisema, mama. Nimeshasema hadi nimechoka kujisikia."

Meneja alikumbuka, maana aliyekuwepo siku ile ya kwanza ni yeye. Alipiga moyo konde, akampigia Bosi palepale nyuma ya mti.

Bosi alimsikiliza vizuri, na hilo lenyewe lilikuwa ishara mbaya. "Meneja," alisema alipomaliza, "wewe ndiye uliyeniambia kule Mkiani hamna shida. Nimejenga kwa neno lako. Sasa unataka nivunje kwa neno lako tena?"

"Hali imebadilika, Bosi."

"Basi aniambie mwenyewe mwenye nyumba. Akisema ana shida, mimi si mnyama. Nipe nizungumze naye."

Ilikuwa bahati ambayo hakuitegemea. Walitoka nyuma ya mti karibu wanakimbia. Wifi, ambaye alikuwa amekuja kumsaidia baba yake kupanga magunia, alipoelezwa aliangusha gunia. Wakaiweka simu kwenye sauti ya juu, wakamzunguka mzee, na mzee akajifuta mchanga mikononi kwa ajili ya kuongea na mtu asiyemwona.

"Mzee, habari za huko?" Bosi alisema.

"Nzuri, nzuri sana, Bosi. Habari za familia? Na kazi?"

"Tunashukuru. Nasikia bahari inakusumbua."

Mzee alimtazama mkwe wake. Alitazama kitambulisho cha hoteli kilichoning'inia shingoni mwake, kikiwa na picha yake ndogo anatabasamu. Nyuma yake wimbi lilipanda, likalowesha magunia ya chini, likarudi.

"Bahari ndiyo jirani yetu," alisema. "Hamna shida."

Wifi alivua kandambili na kuitupa baharini. Injinia aligeuka kutazama upande mwingine. Bosi akaaga kwa furaha, akakata.

Meneja hakuwahi kumpandishia sauti baba mkwe wake. Wala hakuwa na nia ya kumpandishia siku hiyo, ila maneno yalitoka yenyewe. "Hamna shida, baba? Umesimama ndani ya shida. Suruali yako imelowa shida. Kwa nini unanifanyia hivi?"

Mzee alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Akainama, akaanza kuokota vipande vya udongo vilivyokuwa vimebanduka chini ya tanuri, akivipanga juu ya gunia kimoja kimoja kama vitarudishwa. "Yule ni mkubwa wako wa kazi," alisema polepole. "Mimi nikisema nina shida, ataona umemdanganya. Sitaki mtoto wangu amwage unga kwa ajili ya tanuri."

Meneja alikaa chini, kwenye mchanga wenye maji, na sketi yake ya kazini. Alikuwa amejiandaa kwa ukaidi wa uzee, hakujiandaa kwa hilo. Muda wote ule alidhani mzee hajui linalomjia. Kumbe alijua, akahesabu, akaona bora aliwe yeye.

"Baba," alisema, "kazi nitapata nyingine. Tanuri la mama sitapata lingine. Nakuomba useme."

Alipiga simu tena. Bosi alipokea akiwa anacheka na mtu mwingine.

"Ndiyo, Meneja, mlisahau kitu?"

Mzee aliweka mkono juu ya tanuri, ambalo bado lilikuwa na joto la asubuhi. "Samahani kwa usumbufu, Bosi," alisema. "Shida ipo."

Upande wa pili kicheko kilikoma. Sijui ni nini kilichomgusa yule mtu, maana watu wa namna hiyo hawagusiki kirahisi. Labda ni ile samahani. Akasema sawa, vidole viwili vya mwisho vitatolewa, Meneja amwambie Injinia atayarishe mitambo. Wifi alikuwa ameshaanza kumkumbatia baba yake, pale Bosi alipomalizia, "Msimu ukiisha. Wageni hawawezi kupumzika na mitambo masikioni."

Mashine ya kunyonya mchanga, wageni walipumzika nayo vizuri tu. Lakini mitambo ya kutoa mawe, hapana. Meneja alibishana naye hadi simu ikaisha chaji, akachaji, akabishana tena. Alitishia kuacha kazi, akaambiwa aache baada ya msimu.

Tanuri halikujua habari za misimu. Walipanga magunia, wakapanga tena, hata wahudumu wa vyumba wakaja kusaidia baada ya zamu, na siku moja mchana kweupe, bahari ikiwa imetulia kabisa, mchanga wa chini ukaporomoka na tanuri likakaa. Halikupasuka kwa kishindo. Lilikaa tu, kama mtu mzima aliyechoka, likainamia maji, na bahari ikalimaliza kwa siku mbili. Mzee aliokoa ule ubao mrefu. Watu walipokuja kumpa pole aliwaambia hamna shida, akawatafutia viti.

Msimu ulipoisha mawe yakatolewa kweli, na mchanga ukaanza kupita, taratibu, bila kumwomba mtu radhi. Ulijaza ua, ukajaza shimo la mzee, ukafunika pale lilipokuwa tanuri kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu. Kichwani maji yalikuja hadi kwenye vizingiti, na vyumba vya mbele vikabomolewa vikarudishwa kwenye uwanja wa tenisi, sawasawa na Injinia alivyosema siku ya kwanza. Nyasi za baharini hazijarudi. Wifi anasema nyasi hazina mkubwa wa kazi, zitarudi zikitaka.

Mikate ya wageni sasa inaokwa jikoni hotelini, kwenye jiko la gesi. Siku ya kwanza, Meneja aliubeba mkate wa kwanza hadi Mkiani ukiwa umefungwa kwenye kitambaa, akamwekea mzee mezani na chai. Mzee alikata kipande, akatafuna muda mrefu, akameza.

"Hamna shida," alisema.

Meneja alivuta kiti, akakaa mbele yake. Hakuinuka, hakuchukua bakuli, hakukimbilia mlangoni na jibu. "Baba, sema."

Mzee alikitazama kile kipande. "Chumvi imezidi," alisema. Akakibonyeza kwa kidole. "Na ndani haujaiva. Mpishi wako anaharakisha moto." Kisha, kama mtu aliyekanyaga ngazi ya kwanza na kukuta haivunjiki, akaendelea. Alisema mgongo unamuuma tangu siku za magunia. Alisema hapendi kuamka asubuhi akiwa hana moto wa kuwasha. Alisema mkewe alilia siku moja tofali lilipokaa vibaya, akalibomoa akalijenga upya, na hakuna mtu mwingine duniani anayejua lilikuwa tofali lipi. Chai ilipoa. Meneja, aliyeshinda miaka akiwakimbia wanaolalamika, hakutaka amalize.

Mzee aliusogeza mkate pembeni. "Na wewe, mwanangu," alisema, bila hasira yoyote, "siku ile ya supu ulijua shida ipo."

"Nilijua, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akamsogezea kikombe chake cha chai iliyopoa, wakakaa.